Daktari wa Mulago Aliyepima Choo

Ramadhani iliyopita nilifuturu mkate mweupe, mandazi na soda hapa hosteli, na daku ikawa chai na biskuti. Kumi la mwisho lilinikuta na bawasiri. Kukaa tahiyatu kulikuwa adhabu, na kwa aibu sikumwambia mtu. Daktari niliyemwendea hatimaye aliniuliza kwanza nakula nini. Ndipo nikamsoma Denis Burkitt.

Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, na bado akawa daktari wa upasuaji. Alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha Mulago. Wanafunzi wa tiba wanamjua kwa saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, aliyoieleza mwaka 1958.

Mimi kilichonivuta ni ya baadaye. Aliporudi Uingereza alikutana na Cleave, daktari wa zamani wa jeshi la majini aliyelaumu sukari na unga uliokobolewa. Burkitt akakumbuka wodi zake: kwa wanavijiji wa Uganda bawasiri, mawe ya nyongo na uvimbe wa kidole tumbo vilikuwa nadra, Uingereza ni vya kila siku. Akaziandikia hospitali nyingi za Afrika kuuliza wanaona nini. Kisha, bila haya, yeye na wenzake wakapima choo. Matokeo yalitoka mwaka 1972: kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita kwa kama siku moja na nusu, choo kingi na laini; kwa Waingereza wa mkate mweupe ilizidi siku tatu, choo kidogo na kigumu. Tofauti aliiona kwenye nyuzinyuzi, sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauisagi. Hushika maji, hulainisha choo, mtu hajikamui.

Tuseme kweli, aliibebesha nyuzinyuzi karibu kila ugonjwa, na si yote yaliyothibitika. Wala yeye hakutilia mkazo sana bakteria wa utumbo mpana, ambao leo tunajua nyuzinyuzi ni chakula chao. Lakini hadi alipofariki mwaka 1993 alizunguka akifundisha, akionyesha hata picha za choo ukumbini.

Sasa daku yangu ni viazi vitamu na maharage, na maji mengi. Posho ya kantini bado nyeupe pe, na maharage ndiyo huisha kwanza. Ukichelewa baada ya magharibi, umekosa.