Elijah Masinde: Mwana wa Kimilili aliyekataa kuiacha mila mlangoni

KILA mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia hurindima kwa njuga na nyimbo za vijana wa Kibukusu wanaojiandaa kuingia jandoni. Siku chache kabla ya kisu, unga na kimea cha wimbi hutiwa maji chunguni, na shughuli hiyo ya kuandaa busaa huhesabiwa kuwa sehemu ya tohara yenyewe.

Busaa ikiiva, wazee hukizunguka chungu kimoja. Kwa desturi ya zamani, mwenyeji alitoa kinywaji, lakini kila mzee alifika na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa nchani, akaketi mahali panapolingana na umri na heshima yake. Hakuna aliyehitaji karatasi ya serikali ili aketi hapo.

Karatasi hiyo ililetwa na ukoloni. Nayo ilizua swali ambalo halijazeeka: ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mtu anachoweza kubeba kutoka kwao, na anachopaswa kukiacha mlangoni?

Miongoni mwa waliolijibu swali hilo kwa ukaidi mkubwa, na kulilipia kwa miaka mingi ya kifungo, ni marehemu Elijah Masinde, mwanzilishi mashuhuri wa Dini ya Msambwa.

Masinde alizaliwa kati ya mwaka 1910 na 1912 katika eneo la Kimilili, chini ya Mlima Elgon ambao Wabukusu huuita Masaba. Kizazi cha baba zake kilikuwa bado kinakumbuka vizuri mwaka 1895, wakati kikosi cha Waingereza kikiongozwa na C.W. Hobley kilipozivamia ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe na kuwaua watu wengi kwa risasi.

Hivyo alikulia katika jamii iliyoshindwa vitani lakini ambayo haikuwa imekubali kwamba imeshindwa.

Ujanani, jina lake lilivuma kwanza uwanjani. Alikuwa mwanakandanda hodari, akawa nahodha wa timu ya Kimilili na hatimaye akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano yaliyoanza mwaka 1926. Wakati Waafrika wachache sana walipojulikana nje ya wilaya zao, yeye tayari alikuwa na wafuasi.

Alipata elimu kwa wamishenari wa Marafiki, Wakweka kutoka Marekani, ambao walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902 kabla ya kusambaza shule na makanisa yao hadi nchi ya Wabukusu.

Wamishenari hao walileta kalamu, dawa na ufundi. Lakini mlango wao ulikuwa na masharti. Muumini alitakiwa aache pombe, aache ndoa ya wake wengi na aache tambiko za mababu. Kwa Mbukusu, masharti hayo hayakuwa mambo madogo ya adabu. Busaa ilikuwa kinywaji cha jando, cha harusi, cha matanga na cha kuwakumbuka waliotangulia. Hata majina yalibeba alama yake: Wamalwa ni mvulana aliyezaliwa wakati wa pombe, na Namalwa ni msichana. Mkenya aliyelifikisha jina hilo mbali zaidi ni Michael Kijana Wamalwa, mbunge kutoka Kitale aliyekufa mwaka 2003 akiwa Makamu wa Rais.

Masinde alipooa mke wa pili, kanisa lilimtenga. Wapo waliotengwa namna hiyo wakarudi wakitubu. Yeye hakurudi.

CHUPA ZA KITALE

Ili kuelewa hasira iliyofuata, ni lazima kutazama upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya Trans Nzoia. Huko ardhi nono ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu. Wabukusu wengi walivuka kwenda mashambani mwao kama maskwota, wakatoa jasho ili waruhusiwe kulima kijisehemu na kulisha mifugo michache katika nchi ambayo wengine wao waliiona kuwa ya babu zao.

Mwaka 1926 reli ilifika Kitale. Mabehewa yaliyochukua mahindi ya walowezi kuyapeleka pwani yaliunganisha mji huo na bandari ya Kilindini, ambako meli zilishusha bidhaa za Ulaya, mvinyo na wiski zikiwa miongoni mwazo. Mlowezi aliweza kuagiza kinywaji cha kwao, kikavuka bahari na kupanda bara hadi mezani pake.

Mwafrika hakuwa na uhuru huo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za koloni zikamkataza Mwafrika vileo vya Kizungu kwa miaka mingi, hadi vizuizi vilipoanza kulegezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Pombe yake mwenyewe nayo haikuachwa huru. Utawala uliidhibiti kwa vibali, faini na misako, na katika shamba la mlowezi skwota aliishi chini ya kanuni za mwenye shamba.

Katika miji mikubwa, udhibiti huo uligeuka kuwa biashara. Nairobi, tangu mapema miaka ya 1920, baraza la mji lilijifanya mpishi na muuzaji pekee halali wa pombe ya kienyeji kwa Waafrika katika baa yake ya Pumwani, kwa kuiga mfano wa Durban nchini Afrika Kusini. Mwanamke aliyepika nyumbani alishtakiwa, huku baraza likihesabu faida ya kinywaji kile kile.

Hila hiyo haijafa duniani. Leo meli nyingi za kitalii huwawekea abiria mipaka ya mvinyo wanaoweza kuingia nao, kwani baa ya meli ina wa kuuza. Tofauti ni kwamba abiria amejikatia tiketi kwa hiari yake, na safari ikiisha atashuka. Mbukusu wa miaka ya 1940 hakuwa amekata tiketi, wala hakuwa na bandari ya kushukia.

MSAMBWA WAZALIWA

Baada ya kutengwa na kanisa, Masinde alifanya kazi ya kupeleka samansi za mahakama ya wenyeji ya Kimilili. Kazi hiyo ilimpitisha vijijini na kumwonyesha kwa karibu jinsi amri za machifu na mkuu wa wilaya zilivyowaangukia watu wadogo.

Mapema katika miaka ya 1940, pamoja na wenzake akiwemo Joash Walumoli, alianza kuhubiri Dini ya Msambwa. Neno msambwa linahusu roho na desturi za mababu. Wafuasi walimwomba Wele, Mungu wa Wabukusu, na wakauheshimu Mlima Elgon kama mahali patakatifu. Mafundisho yake yalichanganya Biblia aliyofunzwa misheni na mila alizokatazwa na misheni hiyo hiyo.

Ujumbe wake ulieleweka upesi. Mwafrika hakuhitaji kumwacha babu yake nje ili amkaribie Mungu. Alichokuwa nacho kwao, kuanzia sadaka na tambiko hadi ndoa ya wake wengi, hakikuwa uchafu wa kufuliwa. Na Mzungu, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni, hakuwa na haki ya kumwekea mwenyeji masharti. Alitakiwa aondoke.

Mwaka 1944 maneno yakawa vitendo. Masinde alipinga amri za serikali kuhusu kazi za lazima, ikiwemo kung'oa magugu, akagombana na maafisa wa utawala na kushtakiwa. Mwaka 1945 alifungwa, kisha akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi.

Uamuzi huo ulieleza mengi kuhusu watawala kuliko kuhusu mgonjwa wao. Mtu aliyekataa kukubali kwamba nchi yake ni ya wengine alionekana, machoni pao, kuwa amepungukiwa na akili.

Alitoka Mathari mwaka 1947, na badala ya kunyamaza akawakusanya wafuasi wake kwa maelfu huko Chetambe, mahali pa mauaji ya 1895, kuwakumbuka waliouawa. Walirudi pale walipokufa babu zao kufanya tambiko ambayo misheni ilikuwa imeikataza, bila kumwomba mtu ruhusa.

Serikali ilishtuka. Februari 10, 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishwa mbali na kwao hadi Lamu, mamia ya kilomita kutoka Mlima Elgon.

Marufuku haikuuzima moto. Visa vya kuteketezwa kwa majengo, yakiwemo mali ya walowezi katika Trans Nzoia, vilihusishwa na vuguvugu hilo. Aprili 24, 1950, huko Kolloa katika Baringo, wafuasi wa Lukas Pkiech, Mpokot aliyeichukua dini hiyo na kuieneza kwa watu wake, walipambana na kikosi cha serikali. Wafuasi 29 waliuawa, na upande wa serikali maafisa watatu wa Kizungu na askari mmoja Mwafrika.

Hapa ndipo wasifu wa Masinde unapowagawanya watu hadi leo. Wapo wanaomwona kama shujaa aliyepigania uhuru kabla neno Mau Mau halijasikika sana. Wapo pia wanaokumbuka nyumba zilizoungua, jirani walioishi kwa hofu na familia zilizopoteza baba kwa ahadi kwamba siku ya Mzungu imefika. Pande zote mbili zina ushahidi wake.

BENDERA MPYA, KIBALI KILE KILE

Masinde alikaa kizuizini kwa zaidi ya muongo mmoja, na aliporejea Kimilili uhuru ulikuwa umekaribia. Mwaka 1964 Dini ya Msambwa iliandikishwa kisheria. Kwa mara ya kwanza, alikuwa na karatasi ya serikali mkononi.

Lakini hakuwa mtu wa kutulizwa kwa karatasi. Aliwalaumu viongozi wapya kama alivyowalaumu wakoloni. Suala la ardhi ya Trans Nzoia halikuwa limemalizika kwa namna aliyoitarajia, kwani mashamba mengi ya walowezi yalipita katika mikono ya waliokuwa na fedha au jamaa serikalini, huku maskwota wengi wakibaki bila hata ekari moja.

Mwaka 1968 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliipiga dini hiyo marufuku, na katika miaka iliyofuata Masinde akaingia na kutoka gerezani. Mtu aliyefungwa na Mwingereza kwa kusema nchi ni ya Waafrika alifungwa na Waafrika kwa kuuliza ni Waafrika gani.

Mwaka 1978, baada ya kifo cha Kenyatta, Rais Daniel arap Moi alimwachilia. Hata hivyo uhuru wake haukuwa wa starehe, kwani serikali mpya nayo haikumwamini.

Wala kibali cha chungu hakikuondoka na bendera ya Mwingereza. Pombe ya kienyeji iliendelea kuwa jambo la leseni, misako na marufuku. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria maalum ya kuharamisha chang'aa, pombe kali inayokenekwa, sheria iliyodumu hadi ilipofutwa na ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010. Busaa si chang'aa, na wenye kuzijua hawazichanganyi, lakini mama mpishi wa kijijini ameonja misukosuko ya zote mbili.

Haifai kusahau kwamba pombe imeangamiza maisha ya wengi magharibi mwa Kenya, na kwamba serikali yoyote ina wajibu wa kuwakinga raia dhidi ya sumu. Wamishenari nao hawakubuni ulevi ili waukemee. Waliuona.

Lakini kumkinga mtu si sawa na kumdharau. Mzee aliyeshika mrija wake kwenye chungu cha jando alikuwa chini ya sheria kali kuliko zote: macho ya wenzake wa rika, waliojua umri wake, ukoo wake na kiasi chake. Chungu hicho kilipogeuzwa kosa, aliyehamia kichakani kupika kwa siri hakuwa tena na mzee wa kumwambia imetosha.

Masinde alifariki mwaka 1987. Hakuacha mali, wala hakuwahi kushika cheo chochote serikalini. Jina lake lilibaki katika nyimbo na mabishano ya wazee, na miongoni mwa wafuasi ambao hawakuiacha imani yake licha ya marufuku za serikali mbili tofauti.

Walowezi wengi wa Kitale waliondoka zamani. Makanisa ya Marafiki yangali yamejaa Jumapili, na wengi wa waumini wake hupeleka wana wao jandoni Agosti inapofika. Baadhi hutumia hospitali na soda. Wengine hutia kimea maji chunguni kama walivyofanya baba zao, na wazee wakaja, kila mmoja na mrija wake.