Edward Steere, Mwalimu wa Unguja

Mwalimu wa Babati aingiapo chumbani mwa watoto wadogo, huwakuta wengine wamelelewa kwa Kigorowa, wengine kwa Kiiraqw, Kimbugwe au Kirangi. Kabla ya kupanga somo lake, yampasa kujua ni neno gani litakalofahamika. Taabu hiyo ilimpata Edward Steere zamani, tena kwa ukali zaidi.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa kasisi. Mwaka 1864 aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wafikirie watoto hao, msomaji. Wametengwa na mama zao, hawajui kama bwana huyu mpya ni mwema au mbaya, naye hana neno la kuwatuliza.

Alikuwa na sarufi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1850; lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Mvita, na watu wa Unguja walisema vingine. Angaliweza kuwafundisha Kiingereza tu, wakaitikia kama kasuku. Hakupenda njia hiyo fupi. Alikaa na wenyeji, akauliza, akasikiliza, akaandika, akasahihishwa. Kazi ngumu kwa mtu mzima aliyezoea kuitwa msomi! Alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na ufundi wake aliujua tangu ujana; akawafundisha wavulana kupanga herufi, hata kurasa za Kiswahili zikatoka mikononi mwao wenyewe.

Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha sarufi na maneno, pamoja na hadithi alizosimuliwa na Waswahili, kama ile ya Sultani Darai na ya Punda wa Dobi. Nao walimu wageni waliokuja kutoka Uingereza hakuwasahau: mwaka 1878 aliwatolea kitabu cha mazoezi, kilichopangwa hatua kwa hatua, ili wajifunze kabla ya kufundisha.

Mmoja wa wanafunzi wale wa kwanza, John Swedi, alipata ushemasi mwaka 1879. Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alifariki Unguja mwezi Agosti 1882. Alizikwa katika kanisa alilolijenga Mkunazini, mahali ambapo watu waliuzwa sokoni hata mwaka 1873.