Rube Foster, Nahodha wa Ligi ya Weusi

Usisafirie nyota ya mwenzio, ndivyo wasemavyo wazee wetu wa Pwani. Msomaji mpendwa, leo nataka nikusimulie habari za mtu ambaye hakuwahi kuiona bahari yetu, walakini aliifuata nasaha hii kama aliyezaliwa kwenye jahazi. Jina lake ni Andrew Foster, na lakabu yake ni Rube. Alikuwa mchezaji wa besiboli wa Marekani, kisha mwalimu wa timu, na hatimaye mwasisi wa ligi.

Foster alizaliwa tarehe 17 Septemba 1879 katika mji mdogo wa Calvert, jimbo la Texas. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka 14 tu kabla ya hapo. Besiboli, kwa asiyeijua, ni mchezo wa gongo na mpira: upande mmoja hurusha mpira, na upande wa pili huupiga na kukimbia kuvizunguka vituo vinne. Wamarekani waliupenda mchezo huo kupita kiasi, lakini tangu miaka ya 1880 wenye ligi za wazungu walianza kukubaliana, pasi na sheria iliyoandikwa, kwamba mtu mweusi asiandikishwe kucheza kwao.

Kijana Foster alikuwa pande la mtu na mrushaji hodari. Mwaka 1903 aliichezea Cuban X-Giants, timu ya Wamarekani weusi licha ya jina lake la Kikuba. Katika kuwania ubingwa wa weusi, aliwashinda Philadelphia Giants michezo minne. Mwaka uliofuata akahamia kwa hao hao Philadelphia Giants, akawachapa wenzake wa jana! Lakabu ya Rube yasemekana aliipata kwa kumshinda Rube Waddell, mrushaji mzungu aliyetajika sana zama hizo.

Sifa alizipata, lakini macho yake yalikuwa kwenye fedha. Timu za weusi hazikuwa na ligi ya kudumu. Zilitangatanga mji hadi mji zikitafuta mchezo, na fungu nono likaenda kwa mwenye uwanja na kwa wakala, ambao aghalabu walikuwa wazungu. Jasho la huyu, chumo la yule. Mwaka 1911 Foster akaunda Chicago American Giants kwa ubia na mzungu mmoja, John Schorling. Akawafundisha vijana wake mchezo wa mbio na hila: kuugusa mpira kidogo badala ya kuupiga mbali, na kuviiba vituo adui akiwa ameduwaa. Yeye mwenyewe huketi pembeni akivuta kiko, na yasemekana moshi wa kiko hicho ulikuwa ishara kwa wachezaji.

Mwezi Julai 1919 Chicago iliwaka moto wa chuki baina ya wazungu na weusi. Watu 38 waliuawa, na 23 kati yao walikuwa weusi. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Februari 1920, Foster aliwakusanya wenye timu katika jengo la YMCA la weusi mjini Kansas City. Hapo ikazaliwa Negro National League, yaani Ligi ya Taifa ya Weusi, ikiwa na timu nane. Wenye timu karibu wote walikuwa weusi. Ligi ikajifananisha na merikebu, na mwenye kushika usukani akawa Foster.

Kazi aliifanya. Alipanga ratiba, aliamua magomvi, aliwakopesha waliokosa nauli, na alihamisha wachezaji ili timu dhaifu isizame. Kwa hayo alikata asilimia 5 ya mapato ya milangoni. Wenzake wakanung'unika kwamba mwamuzi ndiye mshindani, maana American Giants ilitwaa ubingwa wa 1920, 1921 na 1922. Manung'uniko hayo hayakuwa ya bure. Foster alishika usukani, tanga na nanga peke yake, wala hakumlea wa kumrithi.

Mwaka 1925 alivuta gesi iliyovuja chumbani mwake mjini Indianapolis, akaponea chupuchupu. Mwaka 1926 akili zikamruka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kankakee, jimbo la Illinois. Hakutoka tena. Alifariki tarehe 9 Desemba 1930, na maelfu ya watu wakajitokeza Chicago kumwaga buriani. Nchi nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi, na mwaka 1931 ligi yake ikavunjika.

Wengine walizifufua ligi za weusi kwa nguvu mpya, lakini tumaini la Foster halikutimia. Yeye alitaka siku mlango utakapofunguliwa, timu za weusi ziingie nzima nzima, pamoja na walimu wao na wenye mali wao. Mlango ulipofunguliwa, aliitwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1945 Brooklyn Dodgers ilimchukua Jackie Robinson kutoka Kansas City Monarchs, na Monarchs haikulipwa hata senti moja. Mwaka 1947 Robinson akaingia ligi kuu, na furaha ya weusi haikuwa na kifani. Watazamaji wakamfuata, na waliomfuata nyuma yake wakafuatwa pia. Viwanja vya nyumbani vikabaki vitupu. Ilipofika miaka ya 1960 ligi za weusi zilikuwa zimekwisha, na pamoja nazo mali na ajira za watu weusi waliozijenga.

Mwaka 1981 Foster aliingizwa katika Jumba la Sifa la besiboli mjini Cooperstown. Mwezi Desemba 2020 wakuu wa besiboli wakatangaza kwamba ligi yake, pamoja na nyingine sita za weusi, ilistahili kuhesabiwa ligi kuu tangu mwanzo. Ni haki iliyochelewa, nayo twaipongeza. Ila tukumbuke, msomaji, kwamba Foster hakuunda chombo chake ili kije kusifiwa na wenye bandari. Alikiunda ili wanawe wawe na chombo chao, na hicho hawakuachiwa.