Alexander Graham Bell na Mashine Ziitikazo Sauti

Ukisimama mbele ya piano, ukakanyaga kikanyagio kinachoachia nyaya zake, kisha ukaimba noti moja kwa nguvu, utasikia kinanda kikikuitikia. Waya unaoitika hasa ni ule ambao mtetemo wake unalingana na mtetemo wa sauti yako. Alexander Graham Bell aliujua mchezo huu tangu ujana wake.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi, 1847, mjini Edinburgh, Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mama yake, Eliza, hakuwa akisikia vizuri, na watu walizungumza naye kwa mrija wa sikio. Mwanawe hakuutumia mrija huo. Aliinama karibu na paji la uso la mama yake akasema kwa sauti nzito, na mama akamwelewa kwa mtetemo.

Nduguze wawili walifariki kwa kifua kikuu, mmoja mwaka 1867 na mwingine 1870. Wazazi, wakihofia maisha ya mwana aliyebaki, walihamia naye Kanada. Mwaka 1871 alikwenda Boston, Marekani, kuwafundisha viziwi. (Alipinga matumizi ya lugha ya ishara shuleni, na kwa hilo viziwi wengi wanamlaumu hata leo, nasi hatuoni kwamba wanamwonea.)

Mchana alifundisha, na usiku alifanya majaribio. Wakati huo waya mmoja wa telegrafu ulibeba jumbe chache tu kwa mara moja. Bell aliwaza hivi: tutengeneze ndimi nyembamba za chuma cha pua, kila ulimi na sauti yake. Ulimi wa upande mmoja ukitetemeka, utaukata na kuuunga umeme mara nyingi kwa sekunde. Sumaku ya umeme iliyo upande wa pili itavuta kwa mwendo ule ule, na ulimi wenye sauti hiyo ndio utakaotetemeka. Ni kama mwalimu aitapo jina darasani: wote husikia, lakini anayeinuka ni mmoja.

Aliyempa fedha, wakili Gardiner Hubbard, alitaka telegrafu hiyo ikamilike upesi, na hakupendezwa kuona Bell akipoteza muda kwa ndoto ya kupeleka maneno ya mtu kwa waya. Jambo lilikuwa gumu, kwa kuwa Bell alimpenda Mabel, binti wa Hubbard, aliyekuwa kiziwi tangu umri wa miaka mitano.

Tarehe 2 Juni, 1875, ulimi mmoja ulinasa. Msaidizi wake, Thomas Watson, akaukwanyua kwa kidole. Bell, akiwa chumba kingine, alisikia mlio wake halisi, ingawa umeme haukuwa ukikatwakatwa. Alielewa mara moja kwamba umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe waweza kubeba usemi. Alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake tarehe 7 Machi, 1876, na siku tatu baadaye Watson alisikia kwa waya akiitwa na Bell. Mwaka 1877 Bell alimwoa Mabel.

Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Bell alitengeneza haraka chombo cha kulia kinapokaribia madini, ili risasi itafutwe mwilini. Katika majaribio kilifanya kazi. Lakini kitanda cha Rais kilikuwa na springi za chuma, na daktari aliruhusu upande mmoja tu wa mwili uchunguzwe. Rais alifariki tarehe 19 Septemba.

Bell mwenyewe alifariki tarehe 2 Agosti, 1922, huko Nova Scotia, Kanada. Siku ya mazishi simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Mwaka 1963 zilianza kuuzwa Marekani simu za vibonyezo. Kibonyezo cha 1 hutoa sauti mbili pamoja, moja ya mitetemo 697 kwa sekunde na nyingine 1209. Mitambo ya kituo cha simu huzitambua. Kompyuta nayo hutumia maikrofoni kuigeuza sauti kuwa umeme, kisha umeme kuwa tarakimu. Programu huilinganisha mitetemo hiyo na ile iliyowekewa, na ikilingana, hutenda ilichoagizwa: huwasha taa au hupiga kengele ya hatari. Mwenye kuipanga hana budi kutaja pia ukubwa wa sauti na muda wake, ama sivyo hata mlango ukijibamiza kompyuta itadhani imeamriwa.

Jaribu mwenyewe. Chukua chupa mbili tupu zilizo sawa. Weka mdomo wa chupa moja karibu na sikio lako, na mwenzako apulize juu ya mdomo wa ile nyingine mpaka ilie. Sikiliza. Sasa tia maji kidogo katika chupa yako, kisha mwambie apulize tena.