Adrian Atiman, daktari katekista wa Karema

Vijana wanaosomea uuguzi huko Mvumi na Itigi huanza na mambo yanayoonekana madogo: kunawa mikono, kupima joto na mapigo ya moyo, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, kumsitiri anapoogeshwa ili asiaibike. Kuna mtu wa upande wa Ziwa Tanganyika ambaye, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hakuwa na mengi zaidi ya hayo.

Adrian Atiman alizaliwa mnamo 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto aliibwa na Watuareg, akavushwa Sahara kama mtumwa. Huko Metlili, Algeria, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, walimnunua ili kumkomboa. (Sisi wa Ugogo hatuhitaji kwenda Sahara kuelewa habari hii. Misafara ya pembe na watumwa ilikata nchi yetu, ikitoa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia.)

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliamini kwamba Waafrika wainjilishwe na Waafrika. Alitaka madaktari walei waliosomea tiba ya Ulaya lakini wanaoishi kama wenyeji, maana mlango unaomfungia mhubiri humfungukia mganga. Mwaka 1881 Atiman akapelekwa Malta na vijana wengine waliokombolewa. Joseph Lister alikuwa amechapisha mwaka 1867 njia yake ya kuzuia jeraha lisioze, na mafundisho hayo yalikuwa bado mapya. Kijana alimaliza masomo mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema, leo mkoani Katavi. Kwao kulikuwa mbali sana. Wazo la Kardinali lilikuwa zuri, lakini tusisahau kwamba lilimdai mengi mtu aliyekwisha kunyang'anywa wazazi.

Alioa hapo hapo, mkewe akiitwa Agnes Wansahira. Mtoto wao Joseph akawa padre, nasi waseminari tunamhesabu kaka yetu mkubwa.

Tufikirie kazi yenyewe. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo mizigo ya kutoka pwani, dawa zikiwamo, ilibebwa na wapagazi kwa wiki nyingi. Penisilini haikuanza kutumika kwa wagonjwa wengi hadi miaka ya 1940, Atiman akiwa tayari mzee. Mwenye homa ya mapafu au jeraha kubwa alipona, kama alipona, kwa jeraha kusafishwa na kufungwa upya, kwa maji na uji alionyweshwa kidogo kidogo, na kwa mtu aliyekesha kando yake akiangalia pumzi. Daktari wa mahali kama hapo alikuwa muuguzi pia. Wanafunzi wanaoona haya kushika beseni kwa kuwa wanalenga cheo cha juu wangemtazama yeye.

Hakuidharau miti ya wenyeji. Aliichunguza dawa yao, jambo ambalo wasomi wengi wa enzi zake waliliona upuuzi mtupu. Tena hakuwa daktari wa siku sita na katekista wa Jumapili. Aliyemfunga mtu kidonda ndiye aliyemfundisha sala, na tunadhani wagonjwa hawakuona mpaka kati ya kazi hizo mbili.

Utawala ulibadilika mbele ya macho yake: Wajerumani wakaja, wakaondoka, Waingereza wakashika. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki tarehe 24 Aprili 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi, na 67 kati ya hiyo aliimaliza Karema.