Dk. McKay, mganga aliyefuata madoa ya meno hadi kwenye maji

Wazazi wengi wa Singida wanayafahamu madoa haya. Mtoto anang'oka meno ya utoto, ya kudumu yanaota yakiwa na mabaka meupe au ya kahawia. Anapiga mswaki asubuhi na jioni, hayatoki. Baadhi yao huanza kuziba mdomo wanapocheka. Wiki hii tumtazame daktari aliyetumia miaka 30 kutafuta chanzo chake.

Frederick McKay alizaliwa Marekani mwaka 1874. Mwaka 1901, akiwa daktari mpya wa meno, alihamia mji wa Colorado Springs na kukuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Vitabu vyake havikueleza lolote. Wenyeji walilaumu nyama ya nguruwe au maziwa mabaya. Kwa miaka michache alikwenda kufanya kazi ya kunyoosha meno kwa waya huko St. Louis, kisha akarudi. Madoa yalikuwa yanamsubiri.

Mwaka 1909 alimpata mshirika, Dk. G. V. Black, bingwa wa meno wa zama hizo. Walibaini kuwa karibu watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa mjini humo walikuwa na madoa, lakini watu waliohamia wakiwa wakubwa hawakuyapata. Jambo la ajabu, meno hayo hayakuoza kwa urahisi. Black alifariki mwaka 1915, McKay akaendelea.

Mwaka 1923 wazazi wa mji mdogo wa Oakley, Idaho, walimweleza kwamba madoa yalianza baada ya kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya moto. Aliwashauri waache maji hayo. Walitii, na miaka michache baadaye wadogo zao wakaota meno safi. Hata hivyo, vipimo vya kawaida vya maji havikuonyesha kitu. Jibu lilitoka mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, na kukuta floraidi nyingi. McKay alifariki mwaka 1959.

Alichokigundua kinatuhusu. Singida, kama Arusha na Manyara, ina maeneo yenye floraidi nyingi kwenye maji ya ardhini, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Madoa hujengeka jino likiwa bado ndani ya ufizi, hasa kabla ya miaka minane. Kuyachemsha maji hakuondoi floraidi. Uliza kama kisima chenu kimepimwa, na ukiweza kinga maji ya mvua yaliyo safi kwa ajili ya mtoto kunywa. Magadi ya kupikia nayo yanaweza kuongeza floraidi, hivyo yapunguze.

Usiikimbie dawa ya meno kwa hofu. Floraidi kidogo huzuia kuoza. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita atumie kiasi cha punje ya njegere, chini ya hapo kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kutema.

Mwenye waya za kunyoosha meno anaihitaji zaidi, kwa sababu chakula hunasa kwenye waya na meno huanza kuoza pembeni yake. Lakini waya nyingi za leo zina titani, na vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa jeli kali za floraidi zenye tindikali zinaweza kula utando unaoikinga titani, waya ikakwaruka, ikapoteza mnyumbuko au kukatika. Endelea na dawa ya kawaida mara mbili kwa siku, ila usinunue jeli au dawa kali ya kusukutua bila kumuuliza daktari aliyekufunga waya. Mweleze pia maji unayokunywa yanatoka wapi.

Na mtoto mwenye madoa asikemewe. Si mchafu. Daktari wa meno anaweza kuyapunguza.