Dkt. Johann Ludwig Krapf, Mwana wa Derendingen

Usharika unaomwomba Mungu kwa Kiswahili una deni kwa mtaa mmoja mdogo wa Ujerumani. Derendingen, kando ya mto Steinlach, leo ni sehemu ya mji wa Tübingen, na reli ya kwenda Hechingen imepita hapo tangu mwaka 1869. Lakini Johann Ludwig Krapf alipozaliwa huko tarehe 11 Januari 1810, kilikuwa kijiji cha wakulima, nacho hakikuunganishwa na mji hadi mwaka 1934. Usafiri wa mwana wa mkulima ulikuwa miguu yake.

Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani alimdhania kuwa mtoto mwingine aliyemkosea, akampiga vibaya mno. Aliugua kwa nusu mwaka, na kitandani alisoma Biblia kuliko alivyopata kuisoma kabla. Alipopona alipelekwa shule Tübingen, akawa akienda kwa miguu na mfuko wake wa vitabu. Huko ramani ya Afrika, yenye sehemu kubwa zisizoandikwa kitu, ilimvuta moyo.

Alikuwa Mlutheri, lakini alitumwa na CMS, shirika la Kianglikana. Alianzia Uhabeshi mwaka 1837, akafukuzwa, kisha akafika Mombasa mwaka 1844 pamoja na Rosine, mkewe. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai homa iliwakumba wote wawili. Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua binti, na mtoto naye akamfuata mamaye. Krapf, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa, aliwazika bara, ng'ambo ya kisiwa, upande unaoitwa sasa Nyali. Mtu angemwelewa kama angepanda jahazi la kwanza na kurudi kwao. Hakurudi. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann wa Gerlingen, Mwürttemberg mwenzake, wakaanzisha kituo cha Rabai. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliuona Mlima Kenya.

Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa huko huko Tübingen. Hivyo lugha ya pwani yetu ilipigwa chapa katika mji ule ule aliouendea kwa miguu akiwa mwanafunzi.

Afya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853, akakaa Korntal, karibu na Stuttgart, akiendelea na kazi ya lugha. Rebmann alimfuata mwaka 1875 akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata. Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881, akazikwa hapo hapo Korntal. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, naye hakuiona.